Moshi wa Tinjuti

Kila jioni Wubalem alichoma majani ya tinjuti kwenye makaa, kama alivyofanya mama yake. Moshi ulijaa, watoto wakakohoa, mbu wakatoka. Hadi asubuhi mablanketi yalinukia. Chandarua walichopewa bure kilikuwa uani, kimefunika nafaka ya tefu ili kuku wasiidonoe.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, binti yake Yeshi alipata malaria. Walichelewa kumpeleka kituo cha afya, akafariki. Wubalem alisema mtoto aliumwa na mbu kwa bibi yake, karibu na mashamba ya mpunga. Tinjuti hakuishuku hata kidogo.

Mwaka huu watafiti walikuja kuyapima majani hayo, wakaomba nyumba yake. Alikubali kwa furaha. Vijana wao walikaa ndani miguu wazi, wakiwanasa mbu waliotua kabla hawajauma. Majibu yaliletwa na Ayelech, mhudumu wa afya wa kijiji, wakati wa kahawa.

"Jani lako zuri, dada," alisema. "Likiwa linafuka moshi, mbu wachache tu huingia."

"Si niliwaambia?"

"Lakini moto ukizimika wanarudi, sawa na nyumba isiyochomwa kitu."

"Haiwezekani. Harufu hukaa mpaka asubuhi."

"Harufu inabaki, kinga haibaki. Choma jioni mkinywa kahawa, ila fungua mlango, moshi si mzuri kwa kifua cha mtoto. Mkilala, ingieni kwenye chandarua. Na homa ikianza, mtoto apimwe siku hiyohiyo."

Wubalem aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo Yeshi wangu waliweza kumuuma humu humu ndani?"

"Huenda, dada," alisema Ayelech, akamshika mkono.

Wapo wanaosema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sisi majirani zake tulimpa pole, maana nusu ya kijiji ilifunika tefu vivyo hivyo. Na kwa kweli iliniuma sana.

Wubalem alikitoa chandarua uani, akaziba matundu kwa uzi, akakitundika. Msimu mzima wa mbu, Habtamu, mtoto wake aliyebaki, hakupata homa. Baba yake alimshukuru Mungu mbele ya majirani.

Jioni moja nilimkuta Wubalem akichomeka pindo la chandarua chini ya godoro, Habtamu amelala ndani. Nikamsifu.

"Kikubwa hiki," alisema bila kunitazama. "Wangetosha wote wawili."