Vidonge vya Mjomba

"Mjomba anaendeleaje, ndugu Feliciano?"

"Hajambo, ndugu mtoa dawa. Mwezi mzima hajaanguka."

"Anameza kila jioni?"

"Kila jioni. Akishameza, anahamisha korosho moja kwenye kopo la pili, kama ulivyosema."

Rozalia, mtoa dawa wa zahanati, akacheka dirishani. Hila ile ilikuwa yake mwenyewe, kwa wagonjwa wasiojua kusoma. Unatia korosho thelathini koponi. Ukimeza kidonge, unahamisha moja. Kopo la kwanza likiisha, unarudi zahanati. Vidonda na homa alitibu bwana mganga, lakini wenye maradhi ya kudumu, kifafa na pumu, walikuwa wa Rozalia. Aliwafundisha mmoja mmoja wajitunze wenyewe nyumbani, na kijiji kizima cha ujamaa, hapa karibu na Ruvuma, kikamwita Nesi ijapokuwa unesi hakuusomea.

"Akianguka, aliye naye amgeuze ubavu, amlegeze nguo shingoni, asimtie kitu mdomoni. Angoje tu. Na wasiogope kumgusa. Kifafa hakiambukizi, umesikia?"

"Nimesikia. Nitamwambia neno kwa neno."

"Na posa yangu je?"

"Mjomba akipata nafuu ataileta."

Tusifichane: walikuwa wanapendana. Feliciano, ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji wakati wa vita, alikuja kuchukua dawa za mjomba wake kila mwezi, na kila mwezi akakaa dirishani muda mrefu kuliko mwezi uliopita. Kwa Wamakonde wenzake mjomba ndiye husimama kwenye posa. Huyu aliishi kijiji cha mbali, na Rozalia hajapata kumtia machoni.

Feliciano alipotoka, Mwanaisha mkunga akaingia akitikisa kichwa.

"Shoga, huogopi? Ukoo una kifafa ule!"

"Mgonjwa ni mjomba, si yeye."

"Na angekuwa yeye?"

"Angekuwa yeye? Thubutu! Hata sahani moja nisingekula naye!"

Wakacheka mpaka machozi. Mdomo ule ule uliotoka kusema kifafa hakiambukizi! Nje, baiskeli ikagonga ukuta, kisha ikaondoka. Rozalia hakujali.

Wiki tatu baadaye Feliciano alikuja mikono mitupu, hata kopo la dawa hakubeba. Amekonda, na macho yake hayatulii.

"Mjomba amepona. Jumamosi analeta posa."

"Amepona? Kifafa hakiponi hivyo. Dawa haachi mpaka aambiwe."

"Amepona, nimesema."

Rozalia alitaka kumbana, lakini neno posa lilikuwa tamu. Akamwacha aende.

Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la ujamaa, kuokota korosho. Saa nne hivi akatokea mzee mmoja, kifua kipana, amepiga mguu maili kumi na mbili na hahemi.

"Wewe ndiye Rozalia?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mjomba. Pole na ugonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Ugonjwa gani? Tangu nizaliwe sijameza hata aspirini."

Rozalia akageuka. Feliciano alikuwa amesimama na kapu lake la korosho. Likaanguka kapu kwanza, korosho zikatawanyika. Kisha akaanguka yeye, akakakamaa, viungo vikaanza kutikisika, povu likamtoka.

"Kifafa!" mtu akapiga yowe. "Msimguse! Mate yatawarukia!"

Watu wakatimka. Na Rozalia? Rozalia aliyefundisha kata nzima? Miguu yake ilirudi nyuma. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Aliziona kwa macho yake mwenyewe wala hakuweza kuzizuia.

Mjomba peke yake ndiye aliyepiga magoti. Akamgeuza ubavu, akamlegeza shati shingoni, akamwekea kitambaa chini ya kichwa.

"Mtie kijiko mdomoni, mzee!" mmoja akapaza sauti kutoka mbali.

"Hatiwi kitu. Tunangoja tu."

"Nani kakudanganya?"

"Feli kaniambia. Nesi wenu ndiye kamfundisha." Akainua macho. "Si wewe, mwanangu?"

Aibu ilimpanda Rozalia mpaka masikioni.

Feliciano alipozinduka, aliona duara la watu waliosimama mbali. Akawatazama mmoja mmoja mpaka macho yake yakamfikia Rozalia, kule kule kwa wengine. Mjomba akamwegemeza begani, wakaondoka, na posa ikarudi ilikotoka.

Siku ya nne ikaja barua, kwa mwandiko mkubwa wa kisomo cha watu wazima:

"Kwa ndugu Rozalia. Salamu. Nilikudanganya, nisamehe. Vidonge vilikuwa vyangu. Siku ile nilikuwa nyuma ya ukuta nafunga mzigo kwenye baiskeli, nikakusikia ukisema hutakula sahani moja na mimi. Nikaona heri niviache kuliko siku moja, nyumbani kwetu, unione navimeza. Korosho zote thelathini zimo koponi bado. Tafuta mwenye afya yako. Feliciano."

Rozalia aliisoma mara tatu. Mtu alikuwa radhi afe kuliko kumeza dawa mbele yake, naye ndiye mtoa dawa!

"Mjibu," Mwanaisha akasema. Naye alikuwa amenywea. "Mwandikie umuombe radhi."

"Nimemwaibisha mbele ya kijiji, shoga. Nimuombe radhi ndani ya bahasha?"

Jumamosi iliyofuata kazi iliisha alasiri, na chakula kikapakuliwa pale pale shambani, ugali wa muhogo na kisamvu. Watu walikula makundi makundi. Feliciano alikuwa ametengewa sahani yake kando, chini ya mkorosho wa mwisho, yeye na mjomba wake ambaye sasa hambanduki.

Rozalia akanawa mikono. Akapita katikati ya watu wote, akaketi mbele ya Feliciano.

Feliciano akaivuta sahani. "Usile. Ulishasema."

"Nilisema." Kisha akapaza sauti, kila mtu asikie. "Nilisema neno baya! Mimi niliyewafundisha kwamba kifafa hakiambukizi ndiye niliyerudi nyuma hatua tatu. Mzee asiyewahi kumeza hata aspirini ndiye aliyefanya kazi yangu. Mkitaka kumnyooshea mtu kidole, ninyoosheeni mimi!"

Feliciano akamtazama usoni.

"Unanihurumia?"

"Sikuhurumii. Nina aibu, na nina njaa. Nisogezee sahani."

"Utakula leo kwa sababu wanakutazama. Kesho je?"

"Kesho njoo uone. Na keshokutwa."

"Na siku nikianguka tena?"

"Nitaogopa," Rozalia akasema, na machozi yakamtoka. "Sikudanganyi, nitaogopa. Lakini sitarudi nyuma."

Hilo ndilo lililomwingia. Angeapa kwamba haogopi, Feliciano asingemwamini. Taratibu, akaisukuma sahani katikati. Rozalia akamega tonge pale pale alipomega yeye, akalichovya kwenye kisamvu chake, akala. Upande wa pili Mwanaisha akanyanyuka na kata ya maji, akaja akaketi nao bila kukaribishwa.

Mjomba akakohoa. "Mimi nimetembea mara mbili sasa. Posa naisema, au naenda zangu?"

Watu wakacheka, na kicheko kikawapunguzia wote uzito.

"Ngoja kwanza, mjomba," Feliciano akasema.

Akaliomba kapu la mzee, akatoa makopo mawili na karatasi ya vidonge. Akatoa kidonge kimoja, akakiinua kila mtu akione, akakimeza kwa maji ya Mwanaisha. Kisha akachukua korosho moja kwenye kopo lililojaa, akaiweka kiganjani mwa Rozalia.

"Hamisha wewe."