Peugeot ya Papa Mushagalusa

Jumapili ile watu walitoka misa wakaelekea moja kwa moja mtaa wa Muhumba, Bukavu, ambako vijana wapenda magari walikuwa wamepanga mashine zao kwenye uwanja wa hoteli moja kando ya ziwa. Muziki uliporomoshwa, mishikaki ilinukia, na kila mtu alitaka picha na gari jekundu la mashindano lililotoka Kampala. Elysée, fundi wa magari wa Nyawera, jinzi yake imepigwa pasi mpaka ina mstari, alikuwa akisukumana apite mbele. Ndipo alipomwona msichana aliyeligeuzia mgongo gari lile.

Ni Colombe, muuza dawa wa Nyalukemba, ndani ya libaya, blauzi ya kitenge cha kijani, viatu mkononi kwa sababu ya nyasi mbichi. Alikuwa akiitazama Peugeot 504 kuukuu iliyoegeshwa pembeni peke yake.

"Mademoiselle, umepotea? Magari iko kule," Elysée akamtania.

"Kule iko magari ya picha. Hii njo gari."

"Hii? Hii inabebaka kabichi."

"Na miye nilikuwa nakaa juu ya hizo kabichi."

Elysée akacheka, akasahau gari jekundu. "Basi niambie. Mungu akikupa gari moja tu, utachukua gani?"

"Anza weye."

"Land Cruiser ya zamani, ya macho mviringo, bleu kama mbingu. Naiotaka kila siku. Na weye?"

"Ya papa yangu."

Akamsimulia. Papa Mushagalusa alikuwa na 504 ya rangi ya maziwa, akiwabeba akina mama wa sokoni na kabichi zao kutoka Kavumu. Colombe akiwa na miaka sita alichora herufi C kwa msumari kwenye mlango wa dereva. Baba alicheka, akakataa katakata kuipaka rangi; alisema gari limepata jina. Na usukani ulikuwa umelika pale kidole gumba chake kilipozoea kukaa. Baba alipofariki, baba wadogo waliuza gari bila kumuuliza mama. Colombe alisimulia huku akitabasamu, lakini macho yalikuwa yamelowa.

"Ilikuwa ya mwaka gani?" Elysée akauliza. "Moteur ya essence ao ya mazout?"

Petroli au dizeli! Wanaume hawa! Msichana anafungua moyo, yeye anafungua boneti. Lakini Colombe hakuona kosa. Tangu msiba ule hakuna mtu aliyewahi kumuuliza lolote kuhusu gari lile, na siku hiyo aliona amepata anayemwelewa.

Mvua zilipoanza walikuwa wamezama penzini. Elysée alimwita "moteur yangu", yaani injini yake, naye akaitwa "chauffeur wangu", dereva. Jumapili walikaa juu ya ukuta wa kando ya barabara pale La Botte, wakigawana karanga na kubishana juu ya kila gari lililopita. Wenzao walizungumza harusi na nyumba, hawa walizungumza kabureta, na walikuwa na furaha.

Kisha Jumapili zikaanza kupotea.

"Uko wapi, chauffeur?" Colombe aliuliza kwenye simu.

"Kavumu, mon cœur. Kuko client."

"Client kila Jumapili? Anavaaka robe na hereni, huyo client?"

"Niamini tu."

"Nitakuamini mpaka siku ya maonyesho ingine ya magari kule Muhumba. Siku hiyo unanionyesha client yako, ao tunaachana."

Elysée akacheka, kwa sababu siku hiyo ndiyo aliyokuwa akiingoja. Alikuwa ameipata ile 504 yenyewe, nyuma ya banda la kuku huko Kavumu, haina tairi, kuku wanatagia kwenye viti. Namba ya chasisi ililingana na karatasi za zamani za gari, zenye jina la Papa Mushagalusa. Akaapa kuirudishia ujana wake na kumvisha Colombe pete mbele ya gari hilo.

Siku ya maonyesho ilipofika alivaa suti. Gari lilifunikwa turubai. Colombe alifika amenuna, midomo imepakwa rangi nyekundu kama anayekwenda vitani. Elysée akavuta turubai, uwanja mzima ukapiga kelele. Rangi ya maziwa iling'aa, chuma kilimetameta, viti vilikuwa vya ngozi nyekundu.

"Client yangu njo huyu," alisema. "Iko yenyewe, Colombe. Ya papa yako."

Colombe alifunika mdomo, akakimbilia mlango wa dereva. Akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya bati. Akapitisha tena, polepole.

"C iko wapi?"

"Nilipiga mastic, nikaziba, chérie. Mulango yote ilikuwa na makovu."

"Na usukani?"

"Ilikuwa imelika. Niliichoma pamoja na viti vya zamani."

Colombe akaingia, akakaa kiti cha dereva, akafumba macho. "Washa."

Injini ikaunguruma kwa upole, sauti safi isiyo na kikohozi.

"Hii haiko sauti yake."

"Niliweka moteur ya Toyota. Haitakulalisha njiani hata siku moja."

Hapo Colombe alilia, si kwa machozi ya kupangusa na leso, alilia kama siku ya mazishi. Waliosimama karibu wakadhani ni furaha, wakapiga makofi.

"Nilifanya yote ju yako," Elysée alisema.

"Najua. Njo inaniuma. Ungefanya kwa ubaya, ningekasirika, ingeisha. Sikukuwa nataka gari, Elysée. Nilikuwa nataka kukaa pahali papa alikaa. Haiko tena."

Bila kujua afanye nini tena, Elysée akatoa pete. Colombe akamkunja vidole, akaifunika pete ndani ya kiganja cha Elysée mwenyewe.

"Kila asubuhi nitaona hii mikono yenye ilimufuta papa. Sitaweza."

Kipaza sauti kikatangaza mshindi wa kwanza: Peugeot nyeupe ya Elysée. Colombe alikuwa ameshafika getini.

Elysée alipeleka gari kwa mama Monique, mama yake Colombe, awaachie hata bila harusi. Mama akalizunguka, akashika boneti. "Iko muzuri, mutoto wangu," akasema, "lakini siijui." Akamrudishia ufunguo.

Jioni hiyo Elysée alimpigia Colombe simu. "Nitatafuta usukani ingine ya zamani. Nitachora C na musumari."

"Utachora weye. Haitakuwa miye."

"Nakupenda, Colombe."

"Na miye nakupenda. Usiniite tena."

Gari zuri halikai bure Bukavu. Maharusi wakaanza kuligombania, na kila Jumamosi Elysée aliwabeba.

Jumamosi moja msafara wa harusi ulipita Nyalukemba, honi zikilia, maua yamefungwa kwenye vioo. Wateja wa duka la dawa wakatoka kutazama, Colombe pamoja nao. Aliiangalia ile Peugeot, akangoja moyo umuume. Haukuuma. Ilikuwa gari zuri la watu, basi. Dereva ndiye aliyemuuma.

Elysée alimwona, akapunguza mwendo. Colombe akainua mkono, akatabasamu vizuri, kama mtu anavyowatakia heri maharusi asiowajua.

Elysée alitaka kusimama. Mguu ulikuwa tayari kwenye breki. Lakini magari ya nyuma yalikuwa yanapiga honi, na bibi harusi, akicheka, alimgusa bega amkumbushe kwamba padri anangoja. Akakanyaga mafuta.