Gauni la Mteja Asiyepimwa

Sanamu ya kushonea ilikuwa inatoka jasho. Ndicho kitu cha kwanza Sindano alichokiona kwenye kazi yake mpya, na kama angekuwa na akili zake zote angebeba mkoba wake saa ile ile akarudi alikotoka. Lakini mtu aliyejisifia kazi mtaa mzima harudi nyumbani asubuhi ya kwanza. Alikifuta kile kiwiliwili cha pamba na mbao kwa kipande cha kitambaa, akajiambia ni joto tu, dirisha lilikuwa limefungwa.

Walimwita Sindano kwa wembamba wake, ingawa wengine walisema ni kwa ulimi wake. Kushona alifundishwa na shangazi yake, dada wa baba, mwanamke asiyejaliwa mtoto, aliyemlea yeye tangu mama yake alipofariki. Walikuwa wakishona pamoja kwenye kibanda kidogo, wakigongana viwiko na kutaniana kutwa. Kisha akatokea Bi Mkubwa, mwanamke nadhifu asiye na mkunjo hata kwenye mkono wa blauzi. Alitaka fundi wa kushonea nyumbani kwake: chumba cha peke yake, cherehani ya umeme, mshahara mnono, mteja mmoja tu. Sindano alikubali kabla Bi Mkubwa hajamaliza kusema.

"Mteja mmoja?" shangazi aliuliza. "Huyo ana miili mingapi?"

"Wivu huo, Shangazi."

"Haya, mama. Nenda. Sijamfunga mtu kamba mimi."

Alichomficha shangazi ni mimba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hii aliijua yeye na mumewe tu. Angemwambiaje mwanamke aliyelilia mtoto maisha yake yote? Na mtoto akija anataka kula, anataka nguo, anaumwa. Ndiyo maana aliikimbilia kazi ile mbio mbio.

"Mteja hapimwi," Bi Mkubwa alimwambia. "Wewe pima sanamu. Gauni likiikaa sanamu, limemkaa yeye."

Sindano akapima, akakata kitambaa cheusi kizito, akapiga bandi, ile mishono mikubwa ya mkono ya kushikilia nguo kabla ya kuitia cherehani. Akaivisha sanamu. Gauni likakaa vizuri mno. Kesho yake halikufunga tumboni.

"Mteja amenenepa kidogo," alisema Bi Mkubwa kutoka mlangoni, na Sindano hakuwa amesikia hatua zake. "Fumua. Achia."

Fundi gani asiyeamini futi yake mwenyewe? Akafumua, akaachia, akapiga bandi upya. Asubuhi iliyofuata gauni likabana tena, tumboni pale pale. Chumba nacho kikaanza kunuka kitambaa kilichounguzwa na pasi, na pasi iko baridi kwenye rafu. Akitoka kwenda kunawa mikono, alisikia cherehani yake ikikimbia nyuma ya mlango, trrr, trrr, na akirudi imenyamaza, ila kiti kina joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Hapo ndipo roho ilipoanza kumsuta. Hii kazi nimeikubalia nini? Lakini akiacha, uso atauweka wapi? Alimweleza mumewe, dereva wa lori asiyejua kujibu bila mzaha.

"Mimba hiyo inakutia vituko," mume alicheka. "Vumilia bwana, tule mshahara."

Akavumilia, mpaka mchana ule sketi yake ilipomvuka kiunoni. Sketi hiyo alikuwa ameipanua kwa mkono wake mwenyewe, maana tumbo lilishaanza kuonekana. Alijishika. Tumbo lilikuwa bapa. Hakuona damu, hakusikia maumivu, hakukuwa na chochote cha kumwonya, tumbo limekauka tu kama la msichana.

Jua lilikuwa limejaa chumba kizima, nje watu wanapita wakipiga soga, na Sindano, bila kujua kwa nini, akaichukua futi akaizungushia sanamu tumboni, na alipokuwa ameishika ile sanamu ya pamba na mbao, ameikumbatia karibu kama mtu anayemkumbatia dada yake, akasikia pumzi ya moto ikimshukia shingoni kutoka mahali ambapo kichwa kingekuwepo kama sanamu ile ingekuwa na kichwa, na chini ya kiganja chake, ndani ya kile kitumbo cheusi, kitu kikampiga teke.

Alikimbia na sketi ameishika mkononi. Watu walimcheka njiani. Wacha wacheke.

Shangazi alimsikiliza kibandani mpaka mwisho. Habari ya mimba ilipotajwa alifumba macho, akayafumbua.

"Ukanificha mimi?"

"Niliogopa nitakuumiza, Shangazi."

"Mjinga wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka. Akapunguza sauti. "Sikiliza. Hilo gauni umelishona, au umelipigia bandi tu?"

"Bandi tu. Kila siku nafumua."

"Basi mdomo ndio ulioikubali kazi, mkono bado. Bandi si ahadi, hata kwetu mafundi. Twende ukafumue, na usikate uzi. Uvute. Ukikata, kipande kinabaki kwa huyo mteja."

Mlango waliukuta wazi. Shangazi alitangulia akisoma dua chini kwa chini, na Sindano akapiga magoti mbele ya sanamu akaanza kuvuta uzi. Uzi wa begani ukatoka. Wa ubavuni ukatoka, na tumbo lake likaanza kuwa zito, uzito ule aliouzoea, akalia kwa furaha huku akivuta. Harufu ya kuungua ilizidi mpaka macho yakawasha, sanamu ikaanza kutetemeka juu ya mguu wake wa mbao, kitambaa kikajikunja na kujikunjua kama kifua cha mtu anayekosa hewa, naye alivyozidi kuvuta ndivyo kitu kilivyozidi kuvuta kutoka upande wa pili, uzi ukimchana vidole, mpaka ikabaki bandi moja tu, ya tumboni, na hiyo ikagoma kabisa.

"Hiyo haitoki," alisema Bi Mkubwa nyuma yao, kwa upole. "Kuacha kazi unaruhusiwa, mwanangu. Lakini kazi haibaki bila fundi."

"Shangazi, twende!"

"Tuende na tumbo nusu?" Shangazi alikuwa ameshavuta kiti. Akakaa kwenye cherehani. "Bi Mkubwa, kazi naichukua mimi. Mimi sina cha kuchukuliwa. Kizazi changu kilishafunga duka zamani."

"Shangazi, usi—"

"Nyamaza. Hujawahi kunishinda kushona, leo ndiyo utaanza?"

Bandi ikatoka yenyewe mkononi mwa Sindano. Tumbo lake likajaa, zima, zito, lake. Bi Mkubwa akamsukuma ukumbini taratibu, mlango ukafungwa, na cherehani ikaanza. Sindano alipiga mlango, aliita, aliomba msamaha kwa majina yote ya Mungu anayoyajua. Ndani alisikia trrr, trrr, mkono wa fundi mzoefu anayeshona mshono wa kudumu. Kisha kimya.

Mlango ukafunguliwa.

Shangazi alikuwa amelivaa lile gauni jeusi. Lilimkaa. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni, miguu ameitanua, na mbele yake tumbo lilikuwa limejaa kama la mwanamke anayesubiri siku yoyote. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Sindano hakuwahi kuiona maisha yake yote.

"Twende nyumbani, Shangazi," alinong'ona. "Nakuomba. Livue hilo."

"Nilivue?" Shangazi alicheka kicheko kile kile cha kibandani. "Wewe mtoto, unajua nimelisubiri miaka mingapi? Njoo. Usiogope, njoo ushike."

Akaukamata mkono wa Sindano akauweka juu ya kitambaa. Kilikuwa cha moto. Ndani yake kitu kikageuka, kikaja mpaka chini ya kiganja chake, kikabisha hodi mara moja.

Na ndani ya tumbo la Sindano, kwa mara ya kwanza, mtoto wake akacheza, akakijibu.