Mzaramo Aliyelia Ntalikwa

Simu ya stesheni ya Tabora ililia mara moja. Justus, mpelelezi wa polisi, akaipokea.

"Mbao zimelowa," ilisema sauti ya Koplo Tobias kutoka Kigoma.

"Zinaanikwa wapi?"

"Ntalikwa. Zimepanda na jeneza."

Ikakatika.

Maana yake ilikuwa hii: mtu aliyechoma yadi ya mashua Ujiji alikuwa ndani ya garimoshi, anamsindikiza marehemu aliyemuua mwenyewe.

Justus alichomeka bastola ya Webley kiunoni, akaiwasha kwa teke pikipiki yake ya BSA.

Yadi ile ilikuwa ya serikali. Ilikuwa miaka ya vita, na maseremala wa Ujiji waliunda mashua za doria, zizuie almasi za magendo zisivuke ziwa kutoka Kongo. Moto ulianzia kwenye mapipa ya lami ya kuzibia nyufa. Ukala mashua zote. Ukala na mafundi waliolala humo. Walilala humo kwa kuwa wakubwa hawakuwajengea vibanda, na mlango ulifungwa kwa nje, eti wasiibe misumari.

Hilo halikuandikwa popote.

Lililoandikwa ni jina la Lugembe, fundi mkuu. Eti yeye ndiye aliyewasha. Mdogo wake wa tumbo moja, Dionis, kaungulia humo humo, lakini wakubwa wakitaka mtu wa kulaumu hawaendi mbali. Jumatatu Lugembe angesimama mbele ya jaji, na gereza zima la Tabora lilijua kamba iko tayari.

Justus alimshuku mwingine. Majid, mlinzi wa yadi, alidai aliingia motoni kuokoa watu. Akatoka bila hata unyusi kuungua. Ila karatasi zake zilikuwa safi: Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa sala. Mrakibu wa polisi alizisoma, akamwambia Justus aache kusumbua watu wema.

Basi Ntalikwa, kijijini kwao Dionis, ambako Majid alijitolea kulifikisha jeneza.

Msiba wa Mnyamwezi una kazi zake, na moja ni ya mtani. Tangu babu zetu wabebe pembe kwenda pwani, Mzaramo akija msibani kwetu halii. Anatukana. Anamwita maiti mvivu, anakalia jeneza, anadai kuku ndipo shimo lifukiwe. Josepha, mjane wa Dionis, aliposikia kaja Mzaramo, alimfungia kuku kabisa.

Majid alikuja na leso. Akainama, akampa Josepha pole kwa Kiswahili kilichonyooka, akalia.

Watu wakatazamana. Kuku akawekwa miguuni pake. Majid akamruka.

Justus alichota majivu, akammwagia kichwani.

"Mtumwa wangu wewe, nani kakuruhusu kulia? Babu yako nilimuuza kwa chumvi ya Uvinza, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga."

Bibi mmoja akacheka. Wengine wakasubiri jibu. Mzaramo wa kweli, hata mtoto, angelirudisha tusi na riba.

"Mimi si mtumwa wa mtu," alisema Majid. "Heshimu maiti, bwana."

Josepha akamchukua kuku wake.

"Huyu si Mzaramo," alisema Josepha.

Mkono wa Majid ukaingia kotini. Ukatoka na bastola, Beretta.

Teke la Justus lilifika kwanza. Risasi ikaenda juu, Majid akaenda shimoni.

Hakuna aliyekimbia. Wanaume walishika majembe, na udongo wa kwanza ukamwangukia kifuani.

"Jamani, yu hai," katekista alinong'ona.

"Siwezi kuwazuia wote hawa," Justus alimwambia Majid, Webley mkononi. "Sema, wasikie."

Udongo ulipomfika shingoni, akasema. Petroli aliyoimwaga kwenye lami. Almasi. Mfanyabiashara Mzungu wa Kigoma aliyemtuma, ambaye kila Jumamosi hunywa wiski na wakubwa klabuni. Akasema pia alisikia watu wakigonga mlango, akaondoka.

Josepha alikaa chini.

Justus alimtoa Majid shimoni, akamfunga pingu, akakimbilia simu ya misheni kumpigia Tobias.

"Gogo kubwa liko klabuni kwenu. Kata."

Tobias alipiga baada ya muda. "Limekatwa. Almasi zilikuwa kwenye makopo ya sigara."

Ofisini, Mrakibu alisikiliza yote akisafisha miwani.

"Kazi nzuri. Ila Lugembe abaki ndani kwanza. Tukimtoa sasa tutaonekana tulikosea."

"Fungua dirisha, Bwana Mkubwa."

Barabara ya Ntalikwa ilikuwa imejaa watu. Majembe mabegani. Hawaimbi. Mbele yao Josepha, ameshika kamba iliyofungwa kwenye pingu za Majid.

"Wote wamesikia," alisema Justus. "Utawafunga wangapi?"

Lugembe alitolewa jua likiwa bado juu. Hakuna aliyemwomba radhi. Aliuliza neno moja tu.

"Mdogo wangu mmeshamzika?"

"Bado, shemeji," alisema Josepha. "Shimo liko wazi."

Lugembe akapokea jembe kwa mtu wa karibu, akatangulia.

Mrakibu alipandishwa cheo mwaka huo huo. Aliyeufunga mlango kwa nje hakutafutwa.

Justus aliwasha sigara, akaenda zake. Hakugeuka.