Matimba ya Jumapili

Maiti ya Irakoze ilitolewa duarani, ndani ya shimo la dhahabu, Jumatatu asubuhi, mikono ikiwa bado imekumbatia mti mbichi wa mkaratusi.

Inspekta Winnie Ndayikeza, mpelelezi kutoka Kibondo, aliinama kwenye mdomo wa shimo. Wachimbaji wa Murungu walisimama kando. Walishazika wenzao wengi. Machozi ya akiba hawakuwa nayo.

"Ajali tu, Afande," alisema Saady, mwenye duara. "Mlima umeamua. Vijana wanauliza kama kesho waingie duara la pili."

"Haingii mtu."

"Watakula nini?"

Winnie aliendelea kukagua matimba, ile miti inayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Mengi yalivunjika. Moja lilitoka zima, limechubuliwa na kamba: timba la chini, linalobeba mzigo wote.

"Hili limevutwa kutoka nje," alisema. "Kwa winchi. Nani anaiendesha?"

"Kipriani, baba wa marehemu. Ana mkosi yule! Kila siku nyufa, nyufa. Dhahabu inakimbia mtu akitaja kuporomoka. Nilimwambia arudi Kasulu akalime maharage."

Wawili watatu walicheka.

"Kwa hiyo ulionywa," alisema Winnie. "Panda gari. Utaeleza kituoni."

Kicheko kilikatika.

Mjane wa Irakoze, Esteri, alikuwa ameketi mavumbini.

"Pole, mama. Mumeo alifuata nini shimoni Jumapili, watu wakiwa kanisani?"

"Kuongeza matimba. Alisema, 'Baba hasemi uongo. Nikiliimarisha duara, wataacha kumtukana.' Alikwenda kimya, Saady asimfukuze. Hata baba yake hakumwambia."

Winnie alimkuta Kipriani nyuma ya banda la winchi, viganja vimechunika.

"Mzee, jana ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Viganja vimechunwa na nini?"

"Kamba."

"Ya lini?"

Mzee alificha viganja kwapani.

"Ulimchukia mwanao?"

"Afande!" Mzee aliinuka, akaketi tena. "Nilitaka life shimo! Liporomoke tupu, siku ambayo hakuna mtu. Nilimwomba Saady alifunge, akanicheka. Leo angemshusha Irakoze mle. Ningekaa namtazama?"

"Kwa hiyo ulivuta."

"Nilivuta. Nikaenda zangu kanisani, nikamshukuru Mungu. Alifuata nini mle?"

Winnie alishusha sauti. "Alikuwa akiliimarisha. Alikuamini."

"Mwana wanje! Mwanangu!" Mzee alipiga paji la uso kwenye chuma cha winchi, mara moja, mara ya pili, mpaka Winnie akamshika mabega.

"Mzee Kipriani. Kabla ya kugusa winchi, kanuni yenu inasemaje?"

"Unapiga hodi shimoni. Unasubiri sauti. Ni mimi niliyewafundisha wote."

"Jana ulipiga?"

Alitikisa kichwa.

"Mlinzi wa Saady angesikia. Nilikuja kama mwizi, Afande. Mwizi hapigi hodi."