Mfarishi wa Njia ya Pugu

Kwenye mfarishi wake wa viraka Zamda alikuwa ameshona nyayo za watu watatu: za mumewe Uwesu kwa uzi wa buluu, zake kwa kijani, na za binti yao Zena, mwenye miaka minane, kwa manjano. Ijumaa hiyo, alipoutandika mfarishi kitandani, aliona nyayo za mtu wa nne. Zilikuwa nyekundu, na zilitoka Pugu kuja nyumbani.

Aligeuza upande wa pili atafute fundo la uzi. Hapakuwa na fundo.

Mfarishi ule ulikuwa fahari yake. Mwaka ule wa sitini na saba, watu walipotembea kuunga mkono Azimio la Arusha, wao watatu walitoka Kariakoo kwa miguu mpaka Pugu, wakarudi kwa lori la mkaa. Zamda akasema safari kama ile haisahauliki hivihivi. Akaunganisha viraka vya kanga kuukuu kwa kufuata ramani aliyoichora Uwesu: Msimbazi, Gerezani, Buguruni, Ukonga, hadi Pugu. Penye chumba chao alidarizi mlango, na juu ya mlango, kama wanawake wote wa mjini wanavyodarizi vitambaa vya viti vyao, akaandika KARIBU. Penye Pugu alitia kitambaa chekundu. Hicho alikuwa amekifungua kwenye kichaka kando ya njia hukohuko, kilipokuwa kimefungwa na mtu asiyemjua, akamfunga Zena malengelenge ya kisigino. Kitambaa kilikuwa kizima, na Zamda hakuwa mtu wa kutupa kitambaa kizima.

Jumamosi nyayo zilikuwa Ukonga. Jumapili zilivuka Buguruni, chumba kikaanza kunuka majani yaliyolowa, na Zena akawa anachechemea kwa mguu uleule uliokwisha kupona. Jumatatu mchana nyayo zilifika mlangoni, kidole gumba kimeshavuka kizingiti. Uwesu akachukua wembe, akalifumua lile neno KARIBU herufi kwa herufi.

"Hakaribishwi mtu hapa," alisema.

Hapohapo kelele za soko zikakatika. Zamda alifungua mlango atoke ukumbini akajikuta anaingia chumbani, akauona mgongo wa Uwesu aliyemwacha nyuma yake, akageuka akatoka tena, akaingia tena chumbani mlemle, na kila alipoingia chumba kilikuwa kimepungua kidogo na ile harufu imesogea karibu zaidi na shingo yake, hata akaanza kugonga ukuta wa jirani yao Bibi Sabaha, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kuzungumza na majini.

"Shikamoo, Bibi," alinong'ona. "Tufungulie."

"Marahaba. Mbona mlango wenu uko wazi? Nimesimama hapa ukumbini nakiona kitanda. Nyinyi ndio siwaoni."

Zamda alilia. Akasimulia yote, mdomo umegusa ukuta.

"Umemchukulia nguo yake," Bibi Sabaha alisema, "ukamchorea njia, ukamwandikia karibu. Ulitaka afanye nini, apotee? Na mumeo naye kamfungia ndani."

"Si mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe?" Uwesu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Huyu hapewi jembe, wala hafukuzwi. Husindikizwa. Apelekwe na nguo yake mpaka nusu ya njia, aambiwe kwaheri, basi. Usizidishe neno."

"Mama," Zena alisema kutoka pembeni, macho kayakaza kwenye kona tupu. "Anataka nimsindikize mimi. Anasema mguu wangu anaujua."

Zamda aliukunja mfarishi akajitwika kichwani.

"Mwenye nyumba ni mimi. Haya mgeni, twende nikusindikize."

Alipovuka kizingiti alikuwa ukumbini kweli.

Alipita Msimbazi, akapita Gerezani, jua linachoma, na mfarishi ukazidi kuwa mzito kila hatua, na ubavuni mwake kitu kilitembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kuondoka, naye hakuthubutu kukitazama, akawa anahesabu hatua na kumtaja Mungu mpaka Buguruni, katikati ya njia aliyoishona, ambako aliutua mfarishi chini kando ya barabara.

"Kwaheri," alisema.

"Kwaheri ya kuonana," sauti laini ilimjibu, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. "Ahsante kwa ukarimu."

"Haya, karibu tena," Zamda alijibu.

Akajiziba mdomo. Adabu aliyofunzwa na mama yake tangu utotoni ilikuwa imemtoka kabla hajafikiri. Alingoja. Hakusikia kitu, wala harufu haikuwepo tena, akauacha mfarishi palepale, akashika njia ya nyumbani mbiombio bila kugeuka, akijiambia huenda hakusikiwa.

Kariakoo soko lilikuwa linapiga kelele zake. Ndani ya chumba Uwesu alikuwa anacheka. Zamda alisimama nje ya pazia, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Hodi!"

Zena alilifunua pazia bila kuchechemea. Alimtazama mama yake, akatabasamu. Kisha akainua macho juu, kando ya bega la mama yake, akasogea pembeni kuacha nafasi.

"Karibuni," alisema.