Pein Gani, Fundi?

Fundi alishonea nguo sebuleni kwake, karibu na dirisha. Siku hizo mkasi ulikuwa ukimponyoka mkononi. Kutunga uzi kwenye sindano nako kukawa kazi kubwa. Aliogopa kimoyomoyo, maana mkono ule ndio ulioilisha nyumba.

Alikwisha kwenda zahanati mara mbili. Binti yake alimfundisha neno la Kiingereza. "Sema pein, mama. Madaktari ndivyo wanavyosema."

Basi Fundi akasema, "Pein, daktari. Mkono." Akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Havikusaidia kitu.

Jioni moja jirani yake, muuguzi, alikuja kushonesha nguo. Alimkuta anaokota mkasi sakafuni.

"Mkono bado tu?"

"Bado, mwenzangu. Pein."

"Pein gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Muuguzi akacheka. "Nikikuambia nishonee nguo, kisha nikajiendea zangu, utakata kitambaa?"

"Nikate nini? Gauni au sketi? Mikono mirefu au mifupi?"

"Na daktari ni hivyo hivyo. Pein ni maumivu, basi. Hata kwa Kiingereza, yanayochoma yana neno lake, yanayopwita yana lake, na ganzi ina lake. Sisi pia tunayo yetu. Hebu niambie kwa Kiswahili, mkono unakufanyaje?"

Fundi akaukunjua mkono, akautazama. Hata yeye hakuwahi kujiuliza.

"Hauchomi," alisema polepole. "Haupwiti. Unakufa ganzi. Dole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Kidole cha mwisho kizima kabisa. Nikilala ganzi inaniamsha, naukung'uta mkono weee!"

"Maskini! Kamwambie daktari hivyo hivyo."

Kesho yake Fundi alieleza yote. Safari hii daktari aliushika mkono, akaupima vizuri.

"Mshipa wa fahamu umebanwa hapa kwenye kifundo cha mkono," alisema. "Ungekaa kimya, vidole vingeishiwa nguvu."

Akampa bendeji ngumu ya kuvaa akilala. Akamwambia aupumzishe mkono mara kwa mara anaposhona.

Wiki zikapita, ganzi ikapungua. Asubuhi moja uzi uliingia kwenye sindano bila shida. Fundi alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Binti yake akaingia, kajishika tumbo. "Mama, tumbo linauma."

Fundi akasimamisha mashine, akamvutia kiti.

"Kaa hapa, mwanangu. Linaumaje?"